Pembe ya Nne

“Mchoro wako ulikuja kilema, wifi. Mimi nimeutibu, tena bure, na bado unanifokea.”

Mama Pindo alisema hayo bila kutoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Wifi yake, dada wa mumewe na mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, alisimama mlangoni akiwa amening'iniza aproni tatu kama mtu aliyeokota panya.

Ilikuwa hivi. Saluni mpya yenye kiyoyozi ilifunguliwa jirani, na wateja wakaanza kuhamishia vichwa vyao huko. Mtu wa matangazo akamshauri wifi atumie QR: mteja aelekeze simu kwenye kile kimraba cha madoadoa, aone mitindo, aone bei, aweke nafasi papo hapo. Wenzake hubandika karatasi ukutani. Wifi, ambaye hakuumbiwa kufanana na watu, akataka idariziwe migongoni mwa aproni za wasusi, anayesubiri zamu apate cha kutazama.

Sasa, Mama Pindo ni fundi ambaye ua moja likipinda kwenye foronya, chakula hakimshuki. Alipoutandaza mchoro ule mezani alimhurumia aliyeuchora. Pembe tatu zilikuwa na miraba mikubwa, safi. Ya nne haikuwa na kitu. Akajua jamaa alichoka, au alilewa. Akamjazia. Vidoa vya katikati navyo vilitapakaa kama mchele uliomwagika, akavipanga, kushoto sawa na kulia. Kazi ikapendeza mno.

Ila simu husoma mchoro wa QR kwa fujo yake ile ile, pembe tupu ikiwemo; huu uliotibiwa hazikuutambua. Asubuhi nzima wateja waliwafuata wasusi nyuma, wameinama, simu mkononi, kama wanaowatafuta viroboto. Mmoja akauliza kama vile ni vitambaa vya meza. Mwingine akachoka, akaufuata ubaridi wa jirani.

“Jumamosi naletewa bibi harusi na kundi lake zima,” wifi alisema, na safari hii sauti ilishuka. “Hao nao wakinicheka, nafunga saluni. Sikutanii.”

Hapo mguu ukatoka kwenye kanyagio. Mama Pindo akazipokea aproni, akavuta droo, akaifunga tena.

“Nifumue kwa kitu gani, meno? Mkasi wangu mdogo uko wapi?”

Wifi akatazama dari. Mkasi ule aliuazima kwa dakika mbili, akahamia nao, na inasemekana ulikuwa ukikata nywele za bandia, tusi ambalo fundi wa nguo halisamehe. Akajibu kwamba ulishapotea zamani.

Basi Mama Pindo akafumua kwa wembe, akinung'unika, kisha akadarizi upya, kila kidoa pale pale kilipokosewa. Ile pembe tupu aliiruka huku amegeuza uso, kama anayepita karibu na mtu aliye uchi.

Jumamosi bibi harusi akaelekeza simu kwenye mgongo wa msusi. Ikalia. Mitindo ikafunguka, na wasimamizi wake wote wakaweka nafasi wakiwa wamekaa pale pale.

Jioni wifi akavuka barabara na kitu kilichoviringishwa kwenye kofia ya nailoni ya kuogea. Mkasi. Umenolewa.

“Si ulipotea?”

“Umeonekana, wifi.”

Mama Pindo akaujaribu kwenye uzi. Ukakata bila kelele. Akautia drooni, akazungusha ufunguo, akausukuma mkeka kwa mguu ili wifi akae.