Taa Ndogo Nyuma ya Mlango

Mama yangu hauamini umeme. Anautumia, luku ananunua, lakini kuuamini, hapana. Akitaka kutoka, hata kama anaenda hapo sokoni Magomeni kununua bamia, lazima azunguke nyumba nzima akipapasa ukuta na kuzima swichi moja baada ya nyingine. Feni, redio, pasi ambayo haijaguswa tangu Idi. Friji lenyewe haliponi. Samaki watajijua wenyewe. "Nyumba tupu haiachwi na umeme," ndiyo kauli yake, na ukibisha atakukumbusha chumba cha jirani kilivyoteketea kwa pasi mchana kweupe, mwenyewe yuko harusini anacheza.

Mimi kazi yangu ni nakshi. Nachora tarizi za majoho na kanzu kwenye kompyuta, mashine inashona. Jicho nimelitoa kwake, maana mama alidarizi vitambaa vya meza kwa mkono miaka yote ya utoto wangu, na mpaka leo sijaona mashine inayopinda ua kama anavyolipinda yeye. Nilipoolewa nikahamia Chanika, mbali, na mama akabaki peke yake. Sipiyu yangu, kasha lenyewe la kompyuta, nikaiacha kwake, kwa sababu intaneti ya maana iko pale, na kibanda cha bosi wangu Kariakoo kina vumbi la nyuzi ambalo lingeiua upesi. Kioo chake kilipasuka siku ya kuhamisha vitu. Ikabaki sipiyu kavu, haina kioo wala kibodi, juu ya kigoda nyuma ya mlango wa chumba changu cha usichana. Mama akaifunika kitambaa cha maua, heshima ya kila chombo nyumbani kwake. Nikakitoa, isije ikapata joto. Akakirudisha. Tukakubaliana kifunike nusu.

Nilichotaka ni kukaa Kariakoo na kilaptopu changu kizee, niingie kwenye sipiyu ile kwa mbali, nichore kana kwamba nimekaa Magomeni. Bosi, Mhindi wa Bongo ambaye babu yake aliuza vitambaa mtaa ule ule, alinisikiliza akitafuna karanga. "Dada, hata ukichorea mwezini, mimi sawa tu. Joho liwe tayari."

Mara ya kwanza kuunganisha nilipata giza. Neno la siri sahihi, mtandao upo, mbele yangu weusi mtupu. Nilitukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Kumbe sipiyu ikiwaka ikaona haina kioo, haijisumbui kuchora chochote, nani ataona? Dawa yake ni kifaa kidogo kama kidole gumba, unakichomeka nyuma yake, inadhani ina kioo. Nilikipata duka la vifaa vya kompyuta, hapo hapo Kariakoo. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Kwa hiyo mnaidanganya! Kama mtoto na chuchu ya plastiki!"

Ikakubali. Siku niliyoona nakshi zangu zote zimejipanga mbele yangu, mashine inanguruma pembeni, wapiga debe wanapayuka nje, nilipiga kelele, bosi akadhani nimechomwa sindano. Nilifurahi jamani, acha kabisa.

Furaha ikadumu mpaka mama alipokwenda kununua bamia.

Nilikuwa katikati ya shingo ya joho, pwaa, imekatika. Nikampigia, kazima, katoka. Aliporudi akawasha, sipiyu ikaamka yenyewe maana nilishaipanga hivyo, lakini mteja kashaondoka amenuna. Nikabandika karatasi kwenye swichi: USIZIME. Kesho yake imekatika tena. "Karatasi nimeiona," mama akasema, "mwandiko wako mzuri sana." Safari hii bosi hakutafuna karanga. Aliniambia taratibu kwamba Alhamisi kuna joho la bwana harusi, ndoa Ijumaa, na likikwama hilo atatafuta mchoraji mwingine. Hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Kazi ile ndiyo niliyoijua, na nilikuwa naipenda.

Jumapili nikaenda kwa mama na hasira zangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umevimba?"

Nikalalamika weee. Akanisikiliza akimenya vitunguu. "Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nyumba tupu siiachii umeme. Na hilo dude linafanya nini humu ndani na mtu hayupo?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikamkalisha kitandani mbele ya sipiyu, nikamwambia atazame kitaa chake kidogo cha mbele, nikatoka na laptopu mpaka uani, nikaanza kuchora. "Unaona nini?" nikauliza kwa sauti.

"Kitaa kinacheza."

Nikaacha. "Sasa?"

"Kimetulia." Nikasikia kitanda kikilia. "Chora tena." Nikachora. "Kinacheza! Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mimi, mama."

Aliniita nichore tena na tena, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakuahidi chochote. Niliondoka nimenuna vile vile.

Alhamisi nilichora roho mkononi. Adhana ya adhuhuri ikapita, na baada ya swala ndipo mama hutoka. Kila ua nililopinda nilingoja weusi. Haukuja. Nikamaliza shingo, nikamaliza mikono, mashine ikashona, bosi akalinyanyua joho kwenye mwanga, akasema, "Hii ndiyo kazi," akaenda kutafuta karanga zake.

Nikampigia mama. Nyuma yake nikasikia watu wananadi nguo.

"Uko wapi?"

"Mchikichini, natafuta mashuka."

"Na swichi?"

"Nimezima. Feni, redio, friji. Hiyo yako nimeiacha."

"Si ulisema nyumba tupu haiachwi na umeme?"

"Tupu vipi?" akanikaripia. "Taa si ilikuwa inacheza? Nimekuaga kabisa pale mlangoni, natoka, baki na nyumba. Hukusikia?"

Nilimwazia mama amejitanda khanga, mkoba begani, analiaga kasha nyuma ya mlango. Tangu niolewe alikuwa ananiambia hana shida yoyote, na mimi nilikuwa namwamini.

"Nimesikia, mama."

"Haya. Usiondoke mpaka nirudi."

Bosi akaniambia naweza kwenda, kazi imekwisha. Nikakaa. Nikafungua ukurasa mweupe kwenye sipiyu ile, nikawa nachora maua yasiyo ya mtu, moja baada ya jingine, mpaka aliponipigia kusema amefika nyumbani.