Mwalimu wa Jabiri

Mama yao alipofariki, Mwamvita ndiye aliyemlea mdogo wake Jabiri, pale Keko, katika nyumba ya makuti nyuma ya karakana za maseremala. Jabiri akakua, akashika randa, akawa fundi wa vitanda. Ngumi alifundishwa na Marijani, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Mwanzoni Mwamvita alimshukuru sana. Kijana aliacha kuzurura, na kufikia mwaka 1950 hapakuwa na bondia Temeke nzima wa kumaliza naye raundi tatu.

Kisha Marijani akamkataza Jabiri kula kwa dada yake. Baadaye akamhamishia chumbani kwake. Siku moja Mwamvita alipeleka wali; Marijani akaupokea mlangoni, akaumwaga mchangani taratibu, akamrudishia sufuria.

"Huyu si mdogo wako tena," alisema. "Nimemtengeneza mie."

Mwamvita akaenda moja kwa moja karakana.

"Jabiri, mie yule mtu namwogopa. Rudi nyumbani."

"Dada nawe! Mwalimu ana maneno tu. Nikishapigana Jumamosi naacha ngumi. Nataka nimuoe Mwanaheri, tukaishi kwao Kimbiji."

"Umeshamwambia mwalimu wako?"

"Nitamwambia Jumatatu."

Mwamvita alitaka kusema, usimwambie, ondoka tu. Lakini mafundi walikuwa wanasikiliza, naye akaona haya kumfundisha mwanamume woga mbele za watu.

Jumamosi Jabiri alishinda. Watu wakambeba mabegani huku wanaimba. Marijani hakuinuka kitini. Alikaa mikono juu ya magoti, anamtazama, kama mtu aliyefiwa.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mwamvita alikuwa anaosha vyombo uani. Ghafla misumeno ikanyamaza, karakana moja baada ya nyingine. Sahani ikamponyoka. Alikimbia kichwa wazi, kanga ameiacha kwenye kamba.

Jabiri alikuwa amelala kifudifudi juu ya maranda, patasi imezama chini ya bega la kushoto. Marijani alikaa kando yake, anamzungushia bendeji mkononi, kidole kwa kidole, kama anamwandaa kwa pambano. Mafundi walisimama mbali. Hakuna aliyethubutu kumsogelea.

"Alisema anaondoka," Marijani akamwambia Mwamvita.

Mahakamani jaji alimuuliza Mwamvita, kupitia mkalimani, kama aliwahi kuona dalili yoyote.

"Niliziona zote," alijibu.

Marijani alinyongwa wiki chache kabla ya Ramadhani. Mwanaheri aliolewa hukohuko Kimbiji, na Mwamvita akaenda harusini.

Mwaka wa tatu vijana wa mtaa walikuja kumwamkia. Walitaka kuanzisha mashindano ya ngumi kwa jina la Jabiri, wakaomba idhini yake. Aliwakaribisha mkekani, akawapa maji, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Na nani atawafundisha?" aliuliza.

Walipomtaja, akawaambia wamlete kwanza, amtazame.