Parachuti ya Mwau

Mwau wa mtaa wa Landless ni fundi wa kuchomelea mageti, lakini watu wanamjua kwa kufundisha vijana kuruka na parachuti kutoka juu ya machimbo ya mawe. Mwanafunzi haruki mpaka mwalimu aseme upepo umetulia. Siku ya mjukuu wangu Nzilani, upepo ulikuwa unang'oa mabati, na Mwau akamwambia ruka, kwa sababu watu wa kamera walikuwa wamefika. Nzilani hatembei tena.

Jana huyo Mwau akakuja kwangu mtaani Kimbo.

"Shosho, nipatie ile parachuti Nzilani alirukia. Nafundisha binti ya jirani yako Kavindu."

"Imefunika kuku. Niliikata na panga."

"Shosho, umeniharibia kazi!"

"Bado sijaanza. Kesho nampeleka Nzilani kwa Kavindu, na kiti chake cha magurudumu."