Kijana Alisema Raba

Raba za breki zikiungua hutoa harufu inayokwama kooni, na mpaka leo nikiinusa popote natema mate. Utotoni mwangu harufu hiyo ilikuwa ya mwezi wa Julai, kwenye mteremko wa kuingia mjini Kasulu kwa upande wa Munanila, mvua zikiwa zimekwisha, maharage yamepigwa, majani ya vilimani yamechomwa, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu mpaka kwenye kope za ng'ombe. Sisi tuliishi Munanila. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na Waha waliotupokea wakatukatia kipande cha shamba kwa wema ambao siwezi kuukana. Kirundi chetu na Kiha chao ni mtu na nduguye, hatukuhitaji mkalimani kuombana chumvi. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya redio na ya wakubwa.

Kaka yangu Zakaria alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye karia ya chuma iliyobeba muhogo na ndizi kwenda sokoni Kasulu na kurudi na chumvi, sabuni na samaki wakavu aina ya migebuka. Baiskeli ile ndiyo iliyotulisha, maana shamba lenyewe lilikuwa bado changa. Kila sikukuu ya Saba Saba vijana walishindana kwa baiskeli kuteremka mlima ule hadi kiwanja cha mpira, na sheria ya mashindano aliijua hata bibi kizee asiyewahi kukanyaga pedali. Aliye mbele hana macho kisogoni, kwa hiyo anayetaka kumpita lazima aite. Aliyeitwa naye lazima abaki kwenye njia yake. Ukipita bila kuita mkagongana, kosa lako. Ukiitwa ukahama njia, kosa lako. Na mwenye kosa, mwenzake akiumia, baiskeli yake inakwenda kwa aliyeumia. Sheria nzuri kabisa, sijaona nzuri kuliko hiyo.

Mwaka ninaousema, aliyekuwa mbele ni Gervas, mtoto wa Katibu wa kata, kijana wa nguo za kupigwa pasi aliyezoea kupishwa hata kisimani. Watu walisema mwenye nguvu mpishe, wakacheka, kama vile ni utani. Mimi na mama tulisimama kwenye kona ya mwisho, pamoja na baba, majirani zetu na balozi wetu wa nyumba kumi. Gervas alitokea kwanza, amebana breki, moshi unatoka kwenye ringi. Nyuma yake Zakaria, ameinama, hajagusa breki. Akaita mara mbili, sauti ikafika kwetu safi kabisa: "Raba! Raba!" Kwetu na kwa Waha neno hilo maana yake ni tazama, angalia. Gervas akageuza shingo, akamwona, akapinda usukani kumzibia njia. Sote tuliliona jicho lake. Wakavaana, wakabiringika mpaka mtaroni, na vumbi lilipotua Gervas alikuwa anashika mkono uliovunjika, na kaka yangu taya lake limekwenda upande mmoja, damu inamtoka mdomoni, hawezi kutamka hata jina lake.

Kesi ilisikilizwa siku iyo hiyo, kwenye viti vya wageni, kabla ngoma hazijaanza. Mwamuzi alikuwa Bwana Michezo, mtu wa Tanga aliyekuwa mgeni bado Kasulu, mpole, mwenye Kiswahili cha kumwagika. Sina kinyongo naye. Aliuliza swali lililopaswa kuulizwa. "Jamani, nisaidieni. Huyu kijana wa nyuma aliita au hakuita?"

Balozi wetu akasimama, akavua kofia. "Alitoa sauti, Bwana."

"Alisemaje?"

Balozi akamtazama Katibu, akatazama chini. "Alisema raba."

"Raba?" Bwana Michezo akainuka, akaiendea baiskeli ya Zakaria iliyopondeka gurudumu la mbele. Akainama, akapapasa breki. Raba moja haikuwepo, iling'oka walipoanguka, nami niliiona ikiwa mtaroni. Akarudi anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Masikini. Kumbe alikuwa analia breki zimemshinda. Raba zimemtoka. Sasa mtu anaingiaje mashindanoni na chombo kibovu namna hii? Ndivyo alivyosema, wazee? Raba?"

Wakaitikia wote. Ndivyo, Bwana. Alisema raba. Mwalimu wa shule yetu aliitikia. Mama mmoja aliyekuwa akila mezani kwetu aliitikia. Hakuna aliyesema uongo, na hapo ndipo panaponitia kinyaa mpaka leo, maana mwongo angalau anajichosha kutunga. Hawa walilitoa neno la kaka yangu kama lilivyo, wakaliacha likageuka lenyewe kichwani mwa mgeni. Nilivuta kanga ya mama nikamwambia kwa Kirundi kwamba yule bwana hajaelewa. Mama akanibana mdomo kwa kiganja chake, kikali, kinanuka mawese. Zakaria alikuwa amekalishwa chini, kitambaa kimemfunga taya, anamtazama baba. Hakumtazama balozi wala Katibu. Alimtazama baba tu, akanyoosha kidole kwenye jicho lake, mara mbili, kuonyesha: raba, tazama.

Bwana Michezo akageukia kwetu. "Mzee wangu, wewe ndiye baba wa kijana. Una neno?"

Baba akainuka taratibu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Kijana alisema raba," akasema, kisha akaketi.

Ikahukumiwa kwamba Zakaria hakuita; baiskeli yake ikapelekwa kwa Katibu jioni hiyo, ikapigwa gurudumu jipya, na Gervas akaiendesha mbele yetu mkono ulipopona. Zakaria akaitwa Breki Mbovu. Watoto waliliimba jina hilo hadi kisimani. Mgeni ni kuku mweupe, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote: siku hizo kulikuwa na maneno kwamba malori yatakuja kuwachukua wakimbizi wa mpakani kuwapeleka makazi ya Mpanda, na wa kusema nani abaki na nani apakiwe alikuwa Katibu. Malori yalikuja kweli kabla ya mvua. Wenzetu walipakiwa na kuku wao na vyungu vyao, wanalia. Nyumba yetu ilirukwa. Zakaria, ambaye taya lilikuwa limeunga vibaya na maneno yanatoka kwa pembeni, alitoka ndani na blanketi lake, akapita mbele ya baba bila kuaga, akapanda lori la mwisho mwenyewe. Hakuna aliyemwita.

Siku hizi mteremko ule una lami, na bodaboda wanapitana pale kama nyuki. Wakigongana, umati unajaa, na swali la kwanza bado ni lile lile: huyu ni mtoto wa nani? Halafu ndipo wanaangalia matairi. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu ana simu, anapiga picha damu, na bado ushahidi haupatikani. Msiniambie watu wamebadilika.

Juzi juzi nilikwenda Mpanda kumwona Zakaria. Ni mzee sasa, ana wajukuu, ni raia kama mimi. Tulikaa sebuleni kwake akiangalia mashindano ya magari kwenye televisheni. Gari moja lilitaka kupita, lingine likaziba, yakagongana, na waamuzi wakairudisha picha mara nyingi, mbele, nyuma, kutoka juu, kutafuta nani kamkosea nani. Bila kunigeukia, Zakaria akauliza kama baba kabla ya kufa aliwahi kusema lolote juu ya siku ile.

Nilimuuguza baba mimi mwenyewe, na nilimuuliza. Alinijibu kwamba shamba limebaki. Basi nikamwambia Zakaria hivyo hivyo, kwamba baba alisema shamba limebaki.

Akalisogeza taya lake kwa mkono, kama afanyavyo akitaka maneno yatoke sawa. "Linazaa?"

Nikamwambia linazaa.