Mikono ya Shangazi Nirobala

Shangazi Nirobala, dada wa baba mkwe wangu, alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku hiyo amevaa nyeupe, na samaki, nyama, vitunguu maji wala kitunguu saumu havijapita kinywani mwake, maana kwa mila yetu ya Kihindu mjane haruhusiwi kuvila. Lakini hakuna mtoto kijijini aliyekua bila kupakwa saumu na mikono yake. Kila asubuhi jua likitoka huchemsha mafuta ya haradali na punje za saumu hadi ziwe nyeusi, kisha huwasugua watoto vifua na nyayo. Akimaliza hunawa kwa majivu mara tatu, hunusa vidole, ndipo ale.

Jirani yetu Jhorna humtania. "Shangazi, sote unatupaka kama samaki wa kukaanga, wewe mwenyewe unabaki mbichi!"

"Heri mbichi. Wewe umeshaungua ulimi."

Mwaka huu presha ilimpanda, miguu ikavimba. Dawa za zahanati alimeza, nafuu hatukuiona. Jhorna akaniambia, "Mpe saumu, punje mbili kila siku. Mama yangu ilimshushia."

Nikamwomba Shangazi. Akacheka kidogo. "Mama Mithu, karibu namfuata mume wangu. Nifike nanuka?"

Nilimpenda, nikamdanganya. Nilichemsha saumu mpaka nikadhani harufu imekwisha, nikaiponda ndani ya dengu zake. Siku mbili alikula. Siku ya tatu alimsugua mwanangu Mithu, akanawa, akanusa vidole. Safi. Akainua bakuli. Akanusa tena vidole, halafu bakuli.

"Harufu hii haikutoka mikononi mwangu," alisema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu juzi, Shangazi."

"Miaka arobaini na minne, Mama Mithu. Nilikuwa nimebakiwa na hiyo tu."

Hakupiga kelele. Alibeba chungu chake akaenda nyuma ya nyumba, na sasa anajipikia wali mtupu, nusu haujaiva, kwa sababu kuni zinamshinda. Hata maji yangu hayataki. Uvimbe umefika magotini. Hatua tatu, nne, anaegemea ukuta. Nimemwangukia miguuni sijui mara ngapi. Hunishika kichwa, hunibariki, lakini chakula changu hakigusi.

Leo asubuhi mkono wake ulitetemeka hata mafuta yakamwagika. Nilitaka kumshika.

"Niache," alisema bila kunitazama. "Mlete mtoto, mafuta yanapoa."