Neno Chini ya Mkanda wa Shomari

Nikiikumbuka siku ile ya Kisarawe, mwanangu, masikio yangu huwaka moto hadi leo. Umeniambia kamati ya makumbusho huko Kibaha imekukabidhi kazi ya kuandika vibao vya vita vya Mjerumani, na tayari wanagombana: hawa wanataka askari wake waondolewe kabisa, wale wanataka ubaya wao usitajwe. Basi kaa nikusimulie, maana kazi hiyohiyo mimi niliwahi kuivuruga.

Nilikuwa mwalimu kijana, chaki mfukoni na majivuno kichwani. Shule yetu ilitenga chumba cha kumbukumbu, nikapewa kazi ya kuandika vibao. Bi Mwanaidi, bibi mmoja wa kijiji cha Vihingo, akatuletea vitu viwili ndani ya kanga moja: mkuki wa Kondo, baba yake mkubwa, aliyenyongwa kwa kupigana na Wajerumani katika Maji Maji; na mkanda wa Shomari, baba yake mzazi, aliyekuwa askari wao. Mtu na mdogo wake, tumbo moja. Chini ya mkuki nikaandika SHUJAA. Chini ya mkanda, kwa rangi nyekundu, KIBARAKA. Nikajiona nimeitendea haki nchi.

Siku ya ufunguzi Bi Mwanaidi alikuja amejitanda kanga mpya. Kurani aliisoma vizuri kuliko mimi, ila herufi zetu za shule hakuzijua. Akaninong'oneza, "Nisomee, mjukuu wangu."

Cha mkuki nilikisoma kwa sauti ya mkutanoni. Kwenye mkanda nikasema tu, "Shomari, mdogo wake Kondo."

"Na hilo jekundu mbona umelipita?"

Nikamwambia. Laiti ningekuwa bubu siku ile!

Hakupiga kelele. "Mwezi wa Shaabani wewe ulikuja kwetu kwenye hitima. Majina yalisomwa yote mawili, ukaitikia amina, ukala wali. Hukusema moja litolewe." Akaushika mkanda. "Baba yangu hakuwa malaika. Nyumba za Vihingo zilichomwa, naye akiwa miongoni mwa waliochoma. Liandike hilo, sikukatazi. Lakini andika pia kwamba ndiye aliyeomba maiti ya kaka yake, akachapwa viboko, na akamzika. Wewe umeandika neno moja ukaona mtu kaisha?"

Akaufunga mkanda kangani. "Mkuki ubaki. Huu utarudi siku utakayoweza kunisomea bila kuruka."

Kiburi kilinichelewesha miezi. Nilipokwenda Vihingo na kibao kipya nilikuta watu wamekaa kwenye matanga yake. Majuto ni mjukuu. Niliwasomea wanawe kila neno, wakanisikiliza kwa upole, wakasema mama hakuacha ruhusa. Nafasi ya mkanda ule ukutani iko tupu mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usimfute askari wala usiufiche moto aliouwasha. Yaandike yote, kwa rangi moja. Kisha, kabla hujagonga msumari, mtafute mjukuu wa aliyechoma na mjukuu wa aliyechomewa, uwasomee ukiwatazama usoni. Mwosha huoshwa, na wewe kuna siku utaandikiwa. Ulimi ukiruka neno, rudi ukaandike upya siku hiyohiyo.

Mungu akupe mkono wa haki na moyo wa kukosolewa, na wale unaopaswa kuwasomea akuwekee hai mpaka ufike.