Moto Uliofukiwa

Baba mkubwa alipofariki, nilihamia Croydon, huku ughaibuni, kukaa na mama mkubwa mpaka eda yake iishe. Mjane wa kwetu hatoki nyumbani akiwa edani ila kwa dharura, kwa hiyo mimi nikawa miguu yake: dukani, kwa daktari, posta. Yeye akabaki ndani na moto.

Nyumba yao ni nyembamba, ya matofali, imebanwa na nyumba nyingine kushoto na kulia. Boila la gesi la kupasha nyumba joto lilikuwa limeharibika, na baba mkubwa, aliyetunza bustani za watu, hakuwahi kuona haraka ya kulitengeneza. Alikuwa na jiko lake la kuni sebuleni, sanduku jeusi la chuma lenye mlango wa kioo. Kila mti alioukata kazini alirudi na vipande, akavipasua na kuvipanga uani chini ya bati. Alituachia kuni za kipupwe kizima. Kila tulipotia gogo jikoni niliona kama tunamtumia yeye, kidogo kidogo.

Mama mkubwa alikulia Lushoto, milimani, ambako ukungu huingia mpaka chumbani bila kubisha hodi. Kwao moto hauzimwi, unafukiwa. Unakusanya makaa, unayafunika kwa majivu, na ukiyafukua baadaye unayakuta bado mekundu. Croydon aliendelea vivyo hivyo. Akishaswali adhuhuri alifukia makaa, akafunga kitundu cha hewa chini ya kile kioo, kisha akausukuma mpini wa bomba la moshi mpaka mwisho kuliziba, joto lisikimbie. Halafu aliketi pale pale na tasbihi yake, madirisha yote yamefungwa.

"Unasikia ndara?" aliniuliza alasiri moja. Nje giza lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Ndara gani, mama?"

"Basi. Kunywa chai yako."

Haikupita wiki nikazisikia. Ndara za baba mkubwa, za mpira, zikiburuzwa kwenye ngazi. Zilipanda, zikatua katikati, pale alipozoea kupumzisha goti lake bovu, kisha zikaendelea. Nilikimbia juu kutazama. Zilikuwa chini ya kitanda, zimeelekea ukutani, na vumbi juu yake halijaguswa.

Kichwa kiliniuma sana siku zile. Nilisema ni majonzi. Nikitoka na kupanda tramu kilikuwa chepesi tena, nikajicheka; nikirudi na kuketi karibu na jiko, ngazi zilianza kulia. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Mama mkubwa yeye hakuogopa kitu. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi kama ya msichana, hata waliokuja kumpa pole walimsifia. Alianza kumjibu. "Ngoja, bado haijachemka," aliuambia mlango uliokuwa wazi. Siku nyingine aliniomba nihame kiti, kwa upole, kama unavyomwomba mtu ampishe mgeni. Nilihama. Nywele zilinisimama, lakini nilihama.

Aliyetushtua ni jirani, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, aliyekuja kila Ijumaa na bakuli la dengu. Siku hiyo alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Aliposimama kuaga, akayumba, akashika ukuta.

"Mama, hii nyumba iko na kitu," alisema. "Miguu yangu nakataa."

"Ni mwenyewe amerudi," mama mkubwa akamjibu, akitabasamu. "Mkaribishe."

Jirani aliligeukia jiko, akaona kitundu kimefungwa na mpini umesukumwa. "Nani nafukia moto kama viazi? Kwenu moshi natoka kwa nyasi ya paa. Hapa natoka wapi? Kwa pua yako?" Akanigeukia. "Wewe msomi! Ile kengele ya hewa mbaya iko wapi? Bwana yake nilimwona naweka hapa ukutani!"

Nikakumbuka. Ilikuwa ikitoa mlio mdogo wakati wa hitima, betri zake zimechoka, na mtu mmoja aliona inavuruga kisomo, akaishusha. Niliikuta kwenye droo ya rimoti. Nilitia betri za rimoti ya televisheni, na kabla sijaifunga vizuri ikapiga ukelele uliojaza nyumba.

Ilikuwa sumu isiyo na harufu, ile ya moto unaonyimwa pumzi. Tulikuwa tukiivuta kila siku, na yeye, aliyefungwa na eda karibu na jiko, aliivuta kutushinda sote.

Nilifungua milango na madirisha. "Mama, toka nje!"

"Nina eda."

"Hii ndiyo dharura yenyewe!"

"Nikitoka hatanikuta." Alishika mikono ya kiti. "Unamsikia na wewe. Sema kweli, humsikii?"

Kengele ilikuwa ikilia, na chini ya mlio wake, wallahi, ngazi zililia pia.

"Namsikia," nilisema. "Njoo tumsubiri uani. Uani bado ni kwake."

Nilipanda ngazi hizo kwa woga, nikachukua ndara, nikaziweka kwenye baridi kando ya kuni alizozipasua. Ndipo akanyanyuka. Aliketi juu ya ndoo, blanketi mabegani, akizitazama, mpaka watu wa gari la wagonjwa, walioitwa na jirani kwa simu, walipomvalisha barakoa ya hewa. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha kesho yake. Fundi alisafisha bomba na kutuonya: kitundu na mpini visifungwe kamwe makaa yakiwa hai.

Sasa moto wetu unawaka wazi na kuvuma. Kengele imerudi ukutani. Kichwa hakiniumi. Ngazi zimenyamaza.

Alasiri moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta amepiga magoti mbele ya jiko, mkono juu ya mpini wa bomba. Makaa yalikuwa yameshafukiwa. Taa ya kengele ilikuwa imezimika. Betri alizishika kwenye kiganja cha mkono wa pili.

"Nataka kumsikia mara moja tu," alisema, bila kugeuka.

Sikumgombeza. Nilipita nyuma yake mpaka uani, nikachukua ndara kando ya kuni, nikavua viatu na kuzivaa. Zilikuwa kubwa, baridi kama mawe ya mtoni. Nilirudi ndani, nikaanza kupanda ngazi, nikiburuza mpira kwenye kila kidato.

 Kutoka chini nikasikia sauti yake.

"Polepole. Ana goti."

Nilitua katikati, nikahesabu pumzi, nikaendelea. Nilipofika juu, nilisikia chuma kikikwaruza: mpini ukivutwa kufunguliwa. Moto ukashika tena kwa kishindo. Nilibaki nimesimama gizani na ndara za marehemu miguuni, nikiogopa kugeuka kutazama ngazi.